Noti Tisa, Nyuzi Tano: Wimbo wa Zumari ya Uskoti Unavyohamia Kwenye Banjo

Ukiuona wimbo wa zumari ya mfuko ya Uskoti kwenye karatasi, utadhani kuuhamishia kwenye banjo ni kazi ya jioni moja. Zumari ile ina noti tisa tu. Haibadilishi ufunguo katikati ya safari, haina mitego, na banjo ya nyuzi tano inazibeba noti zote tisa ndani ya freti tano za mwanzo, freti zikiwa ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya chombo. Basi mtu anakaa, anazipiga moja baada ya nyingine kama zilivyoandikwa, na kinachotoka ni kitu kikavu ambacho mpiga zumari hakitambui na mpiga banjo wa milima ya Appalachia huko Marekani hakitaki. Noti hazikukosewa hata moja. Wimbo ndio haupo.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya wino ulio kwenye ile karatasi si wimbo. Ni vile vinoti vidogo vilivyobanana kabla ya noti kubwa, ambavyo kitabu chochote cha muziki kitakuambia ni mapambo. Kwenye zumari hii si mapambo. Vina kazi, na kazi hiyo inatokana na jinsi chombo kilivyotengenezwa. Mwenye kuhamisha wimbo asipojua kila kinoti kinafanya kazi gani, atahamisha wino na kuacha muziki nyuma.

Zumari ya Nyanda za Juu za Uskoti ina mfuko unaobanwa kwapani, bomba la kupulizia, na bomba la kupigia wimbo liitwalo chanta, ambalo ndani yake kuna kitete cha ndimi mbili, jamaa ya kile cha zumari ya pwani yetu. Begani yamelazwa mabomba matatu ya mvumo: mawili ya teno, oktavo moja chini ya A ya chini ya chanta, na moja la besi, oktavo mbili chini. Yote matatu yanalia A, basi, tangu mwanzo hadi mwisho. Wasomaji walioko Muscat hawahitaji maelezo marefu, kwa sababu majeshi ya Oman yana bendi za zumari hizi na gwaride lao linajulikana.

Mfuko ndio unaoleta mambo. Mpigaji anapovuta pumzi, mkono wake unaendelea kuubana, kwa hiyo hewa haikatiki. Mpiga zumari wa pwani naye anaweza kutoa sauti isiyokatika kwa kujaza mashavu na kuvuta hewa puani, lakini akitaka kunyamaza ananyamaza. Wa Uskoti hawezi. Chanta yake ikishaanza kulia inalia mpaka wimbo uishe, na inalia kwa nguvu ileile: hakuna kupaza hapa na kushusha pale.

Sasa fikiria wimbo wenye A tatu mfululizo. Bila kimya katikati, A tatu ni A moja ndefu. Mpigaji anazitenganisha kwa kufungua tundu la noti ya juu kwa kufumba na kufumbua, kisha anarudi. Masikio hayasikii noti mpya, yanasikia mkato. Tena akitaka noti fulani iwe nzito kuliko jirani zake, na hawezi kuipiga kwa nguvu, anaitanguliza kwa kishada cha vinoti viwili, vitatu au zaidi. Kwa maneno mengine, vinoti hivi vinafanya kazi ya konsonanti, na noti kubwa ndizo irabu. Hili silibuni mimi. Kabla ya nyimbo kuandikwa kwa noti, walimu wa zumari wa Uskoti, na maarufu kupita wote ni ukoo wa MacCrimmon wa Boreraig katika kisiwa cha Skye, walifundisha kwa kuimba silabi. Mfumo huo unaitwa canntaireachd, na kwa sehemu kubwa irabu zake zinasimamia noti za wimbo huku konsonanti zikisimamia vishada. Aliyekulia kwenye kwaya akijifunza kwa do re mi atauelewa bila taabu, ila wenzetu hawa walikwenda mbali zaidi, kwa sababu waliimba mpaka mwendo wa vidole.

Banjo ina shida iliyo kinyume cha hiyo. Uzi unaogongwa juu ya ngozi iliyowambwa unatoa mshindo mkali mwanzoni, kisha sauti inakufa. Kila noti inajitenga yenyewe na nyingine bila kusaidiwa. Kupaza na kushusha kunawezekana. Kisichowezekana ni kuishikilia noti ndefu. Chombo kimoja hakijui kunyamaza, kingine hakijui kuendelea, nasi tunataka viimbe wimbo mmoja.

Niseme kidogo kuhusu asili ya banjo, maana watu wengi huiweka mikononi mwa mkulima wa Kizungu kwenye kibaraza cha nyumba ya mbao na kuishia hapo. Mababu zake ni vinanda vya Afrika Magharibi vya kibuyu na ngozi, vilivyovuka bahari pamoja na watu waliofanywa watumwa. Daktari Hans Sloane, aliyekaa Jamaica kati ya 1687 na 1689, aliviona huko, na mchoro wake ukachapishwa 1707. Wajola wa Senegal, Gambia na Guinea-Bissau wanapiga akonting mpaka leo: nyuzi tatu, mmoja wao mfupi kwa ajili ya gumba, na kucha ya kidole ikigonga kwa kwenda chini. Mtu anayepiga banjo kwa mtindo wa klohama akiutazama mkono wa mpiga akonting, anauona mkono wake mwenyewe.

Klohama ndiyo hiyo. Mkono wa kulia unakunjwa kama makucha ya ndege, na kucha ya kidole cha shahada au cha kati inagonga uzi kwa kushuka. Haichomoi kwa kupanda kama mpiga gita. Gumba linatua kwenye uzi wa tano, ule mfupi unaoanzia freti ya tano, na kuuachia mkono unapoinuka. Pigo la msingi lina hatua tatu: kucha inagonga noti ya wimbo, kucha inapangusa nyuzi kadhaa kwa pamoja, gumba linaachia uzi mfupi. Ya kwanza ni ndefu, mbili zinazofuata ni nusu yake. Na kuna sheria ambayo haina msamaha: kucha inatua kwenye pigo, gumba linatua katikati ya mapigo. Mkono unashuka na kupanda kwa mwendo usiobadilika, na hiyo ndiyo inayowafanya watu wainuke kucheza.

Sheria hiyo tuiweke pembeni kwanza, turudi kwenye noti tisa.

Chanta, kwa jinsi inavyoandikwa, inaanzia G ya chini, halafu A, B, C#, D, E, F#, G na A ya juu. Tukiifanya A iwe do, tunapata do, re, mi, fa, so, la, kisha ta badala ya ti, halafu do ya juu, na chini kabisa kuna ta nyingine. Hiyo ta ndiyo harufu ya zumari. Kwaya ikiimba ti mahali pake, Uskoti wote unatoweka.

Kwenye banjo, anza na tyuni, yaani mpangilio wa kuvuta nyuzi, ya milimani ya g, D, G, C, D ukihesabu kutoka uzi wa tano, bana kapo (kibanio cha zile nyuzi nne ndefu) kwenye freti ya pili, na uzi wa tano uubane kwenye freti ya saba kwa kijimsumari chake. Sasa una a, E, A, D, E. Freti nitakazozitaja nazihesabu kuanzia kwenye kapo. G ya chini iko uzi wa nne, freti ya tatu. A ni uzi wa tatu ukiwa wazi, B ni freti yake ya pili, C# ni ya nne. D ni uzi wa pili ukiwa wazi. E ni uzi wa kwanza ukiwa wazi, F# ni freti yake ya pili, G ni ya tatu, A ya juu ni ya tano. Vidole vya kushoto havihami mahali pamoja. Sauti halisi itakuwa chini sana kuliko ya zumari, oktavo moja na zaidi, na hilo halina ubaya wowote.

Angalia A ya juu. Iko freti ya tano ya uzi wa kwanza, lakini pia ni uzi wa tano wenyewe, bila kuguswa na kidole cha kushoto. Hapa ndipo sheria ya mkono inaporudi. A ya juu ikiangukia katikati ya mapigo, ni ya bure, kwa sababu gumba lilikuwa linakwenda kuigonga hata hivyo. Ikiangukia kwenye pigo, inabidi uipande kule freti ya tano kwa kidole cha mwisho na kuigonga kwa kucha. Noti moja, mahali pawili, na kinachoamua ni saa yake ndani ya mpigo. Mtu akikupa karatasi ya banjo ambayo A zote za juu zimewekwa mahali pamoja, ujue aliiandika akiwa mezani bila banjo.

Uzi huo wa tano pia ndio mvumo wetu, na huku kuna mgeuko ambao wengi hawautilii maanani. Mvumo wa zumari uko chini ya wimbo, na haukatiki. Wa banjo uko juu ya wimbo, na unadonadona. Kwa hiyo haufanyi kazi ya sakafu, unafanya kazi ya kengele. Ukiugonga kwa nguvu sawa na noti za wimbo, msikilizaji atadhani A ya juu ni sehemu ya wimbo na atapotea, hasa kwenye nyimbo zinazopanda mpaka huko. Gumba liwe jepesi. Sakafu itafute kwingine: ile hatua ya kupangusa ielekezwe kwenye uzi wa tatu na wa nne, A na E, badala ya kupangusa nyuzi za juu kama walivyozoea wengi. Inabadilisha chombo kizima.

Usiunyamazishe mvumo pale unapogongana na wimbo. Nyimbo nyingi za zumari zinajengwa kwa kupokezana sehemu mbili: kipande juu ya A, C#, E, halafu kipande kilekile kimeshushwa hatua moja juu ya G, B, D. Wimbo unashuka kwenda G, mvumo unabaki A, na vitu viwili vinasuguana. Mpiga gita anayesindikiza ataona vibaya na kutaka kulainisha kwa kuhama na wimbo. Kwenye banjo kishawishi ni kuuacha uzi wa tano usilie wakati wa G. Uache ulie. Msuguano ule ndio unaofanya kurudi A kuwe na raha.

Sasa vishada, na hapa nitakaa.

Vile vinavyotenganisha tu, vifute. Sina huruma navyo. A tatu mfululizo kwenye zumari hutenganishwa mara nyingi na vinoti vya G, D na E kwa zamu. Kwenye banjo kucha inagonga A, gumba linaachia a ya juu, kucha inagonga A tena, gumba tena. Utengano umeshapatikana na mvumo umeingia humohumo. Anayejaribu kuvitia vile vya G, D na E juu ya hayo anamfanyia mtu kazi ambayo imeshafanywa.

Vile vinavyotia uzito ni habari nyingine, kwa kuwa uzito ukipotea wimbo unalala. Chukua kishada kinachorushwa kuelekea D. Katika mtindo mmoja unaotumika sana, vidole vinapita G ya chini, D, C#, kisha vinatua D. Masikio hayahesabu hizo nne. Yanachosikia ni kishindo kizito chini, halafu D inayorukiwa kutoka C#. Cha kuhamisha ni huo mruko. Kwenye tyuni ya a, E, A, D, E, D ni uzi mtupu, na uzi mtupu haurukiwi. Njia yake ni kugonga uzi wa tatu kwenye freti ya nne, kupigilia kidole cha kushoto freti ya tano kabla sauti haijafa, kisha gumba linashuka kwenye uzi wa pili ulio wazi, ambao nao ni D. Unapata mruko, na D mbili zinazolia pamoja kwa unene ambao uzi mmoja hauna. Ni tamu, ila inataka vidole vilivyozoea. Ukibadilisha uzi wa pili uwe C# badala ya D, yaani a, E, A, C#, E, mruko unakuwa mchezo wa mtoto: gonga uzi wa pili ukiwa wazi, pigilia freti ya kwanza, umemaliza. Basi wimbo uliojaa virusho vya D uutafutie tyuni ya pili, na wimbo ambao D yake inapita kimyakimya ubaki kwenye ya kwanza. Wengi huchagua tyuni kwa kuangalia skeli. Skeli ni ileile kwenye zote mbili. Mimi nachagua kwa kuangalia vishada.

Kuna kingine kinachoitwa bela, ambacho ndicho kipenzi changu. Mpigaji anakwaruza tundu la mwisho kwa kidole kidogo, na A ya chini inavunjwa na G mbili za haraka: A, G, A, G, A, zote katika nafasi ya noti moja. Banjo haina jinsi ya kuifuata, na wanaojaribu kuipigilia na kuichomoa (kuudona uzi kwa kidole cha kushoto kinapouachia) mara nne wanaishia na vumbi. Lakini kumbuka kwamba G ya chini iko uzi wa nne freti ya tatu, na ukiuteleza uzi huohuo mpaka freti ya tano unafika A, sawasawa na uzi wa tatu ulio wazi. Gonga G kwa kucha, teleza hadi A bila kuinua kidole, kisha gumba lishuke kugonga uzi wa tatu. Umepata G, A, A, zikiwa na mngurumo wa nyuzi mbili nene. Kwa hesabu si bela. Mahali pake ndani ya wimbo, inafanya kile bela inachofanya, yaani inaifunga sentensi kwa kishindo.

Mwendo wa nyimbo wenyewe unataka maamuzi, na si nyimbo zote zinakubali. Rili, ngoma za mwendo wa haraka, zinakaa vizuri kuliko zote, kwa sababu mapigo yake ni mawili mawili kama mkono wa klohama. Shida yake ni wingi. Rili ina noti nane za haraka katika kila baa, na ukitaka kuzipiga zote nane itabidi gumba lishuke kila mara kwenye nyuzi za ndani, mvumo upotee, na mkono ukimbie bila kupumua. Zipunguze. Noti zinazoangukia kwenye pigo zibaki karibu zote. Za katikati ya pigo zichujwe: zinazopanda au kushuka kwa hatua moja zipewe mkono wa kushoto kwa kupigilia au kuchomoa, chache zilizo muhimu zipewe gumba lililoshuka, na zilizobaki ziachwe, uzi wa tano uchukue nafasi yao.

Hili halikuanza leo. Rili iitwayo Mrs MacLeod of Raasay, ambayo wapiga zumari wanayo, ilivuka kwenda Marekani na huko wapiga fidla na banjo wanaiita Hop High Ladies au Uncle Joe. Zumari zenyewe hazikuota mizizi milimani. Fidla ndiyo iliyobeba nyimbo, na wapiga fidla wa milimani huvuta nyuzi zao ziwe A, E, A, E ili wapate mvumo chini ya wimbo. Ukilinganisha rili ya Kiskoti na nduguye wa Kimarekani unaona nini kiliachwa na nini kilishikwa, na hakuna somo la uhamishaji linaloizidi hiyo.

Strathspey, ngoma yenye mwendo wa kukatakata, inaogopesha kwa macho tu. Alama yake ni noti fupi sana inayofuatwa na ndefu, kama mtu anayejikwaa kwa makusudi. Mkono wa kushoto unaiweza: kucha inagonga ile fupi, na kidole kinapigilia au kuchomoa papo hapo kwenda kwenye ndefu. Ile ya kinyume chake, ndefu kisha fupi, inataka gumba lichelewe hadi dakika ya mwisho kabla ya kucha kutua. Kinachoharibu strathspey nyingi kwenye banjo ni gumba lenye haraka.

Jigi ni mtihani wa kweli. Mapigo yake yamegawanyika kwa tatu, na mkono wa klohama umezaliwa na mbili. Ukipiga kucha, gumba, kucha, gumba bila kufikiri, pigo la pili linaangukia kwenye gumba na ngoma inapinduka. Njia inayofanya kazi ni kucha, kucha, gumba kwa kila kundi la tatu, ukikubali kwamba mkono utashuka mara mbili na kupanda mara moja. Inachosha mwanzoni. Nyimbo za gwaride za 6/8 zinapita njia hiyohiyo, ila kwa utulivu zaidi.

Na ceòl mór, muziki mkubwa wa zumari, wenye dhamira ya polepole iitwayo ùrlar na mfululizo wa madoido yanayozidi kukaza? Maoni yangu ni kwamba ùrlar peke yake inaweza kujaribiwa, kwenye banjo ya sauti ya chini yenye nyuzi za nailoni, gumba likidona uzi wa tano kila pigo ili kuziba pengo linaloachwa na noti zinazokufa. Madoido yake ya mwisho ni vidole vitupu. Yabaki kwa wenyewe.

Anayeanza asikimbilie huko. Aanze na wimbo ambao wengi tumeuimba kanisani, Amazing Grace. Maneno ni ya Mwingereza John Newton, lakini mahadhi yaliungana nayo Marekani katika kitabu cha William Walker cha 1835, na zumari ziliuchukua baadaye. Mwaka 1972 bendi ya kikosi cha Royal Scots Dragoon Guards iliurekodi na ukashika namba moja Uingereza. Kwa hiyo kuupiga kwenye banjo ni kuurudisha nyumbani kwa kupitia dirishani. Wapiga zumari wanauweka katika D, kuanzia A ya chini kwenda D na F#, huku mvumo ukibaki A, na una noti tano tu za skeli. Ni wa mapigo matatu: gonga noti, kisha pangusa na gumba, pangusa na gumba. Noti ndefu zitataka kufa. Ziache zife, uzi wa tano utamshikia msikilizaji mahali.

Kitu kimoja freti haziwezi kukupa. Chanta haijapimwa kwa piano, imepimwa kwa mvumo wake. C# yake inakaa chini ya ile ya piano kwa takriban senti 14, tukiigawa nusu-toni katika senti 100, na G ya juu wapigaji wengi wanaipenda chini zaidi. Ikiwekwa kwa uwiano wa 7:4 dhidi ya A, pengo linafika senti 31. Freti zinafuata piano, na kuupinda uzi kunapandisha sauti tu, hakushushi. Kwenye tyuni ya a, E, A, C#, E unaweza kuulegeza uzi wa pili kidogo hadi C# itulie juu ya mvumo, ila D ya freti ya kwanza itashuka nayo, kwa hiyo angalia wimbo unaitegemea ipi. Suluhisho kamili ni banjo isiyo na freti, kama zilivyokuwa nyingi katikati ya karne ya 19, ambayo inakuachia kidole kitafute mahali chenyewe. Kwa nyimbo hizi, ningekuwa na fedha ya banjo moja zaidi, ningenunua hiyo.

Na ukitaka kupiga pamoja na mpiga zumari mwenyewe, jiandae. A yake ya siku hizi iko juu hata ya Bb ya piano, kwenye hezi 480 hivi. Itabidi kapo iende freti ya tatu na nyuzi zote zivutwe tena karibu nusu ya nusu-toni, na baada ya taabu hiyo hutasikika. Muulize kama ana zumari ndogo ya Uskoti, ile inayojazwa hewa kwa mvukuto chini ya kiwiko, iliyofufuliwa katika miaka ya 1980. Vidole ni vilevile, sauti yake inatosha sebuleni, na nyingi zimetengenezwa katika A, kwa hiyo kapo yako inabaki freti ya pili ilipokuwa.